Familia Inakua, Vitz Inabana: Kuchagua Gari Dogo na Kulilipia Bila Kuibiwa

Mtoto wa kwanza huingia kwenye gari lolote. Kiti chake kinafungwa nyuma, begi la nepi linakaa kando, na safari inaendelea. Mtoto wa pili ndiye huanza kuleta maswali. Wa tatu akiwa njiani, maswali yanakuwa ya pesa: tuuze hili tununue kubwa? Tukope? Na tukishapata gari, tunalilipia vipi bila pesa kupotelea kwa tapeli?

Katika somo la leo tutaanza na gari lenyewe, kisha tuje kwa malipo. Tumeona wateja wakijua sana kuhusu gari na kidogo sana kuhusu malipo, na wengine kinyume chake. Ukikosea upande wowote, unaopotea ni ule ule mfuko wa karo.

Hesabu vichwa, si viti

Tuwachukue wazazi wawili wanaoishi Ruiru. Wana watoto wawili na wa tatu anakuja. Wana dada anayewasaidia kulea, na mara moja kwa mwezi nyanya anatoka ushago kuja kliniki Nairobi. Siku ya kawaida gari linabeba watu watatu. Jumapili ya kwenda kanisani linabeba sita. Nyanya akiwepo, saba.

Gari la viti vitano halitoshi hapo, hata likiwa refu namna gani. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa yadi hawalitaji. Magari mengi madogo tunayonunua Kenya yametengenezwa kwa soko la Japan, na kule gari huhesabiwa dogo likiwa na upana usiozidi milimita 1,700, urefu usiozidi mita 4.7 na injini isiyozidi 2000cc. Kwa hivyo watengenezaji hubana kabisa hapo kwenye mpaka. Chukua Vitz, Demio, Honda Fit, Nissan Note, Fielder, Sienta na Freed za kati ya 2016 na 2019: zote upana wake ni milimita 1,695. Ukihama kutoka Vitz kwenda Fielder umeongeza karibu nusu mita ya urefu, yaani umepata buti, lakini mabega ya watu watatu walioketi nyuma bado yanasongamana vile vile. Viti viwili vya watoto na mtu mzima katikati ni mateso katika zote.

Maana yake ni rahisi. Kama shida yako ni mizigo, Fielder au Honda Shuttle itakusaidia. Kama shida ni watu, kinachosaidia ni safu ya tatu ya viti, na kwa ukubwa huu majina mawili makubwa sokoni ni Toyota Sienta na Honda Freed. Zote zina matoleo ya injini ya 1500cc, na milango ya nyuma ya kutelezesha. Mlango wa kutelezesha si urembo. Kwenye parking finyu ya ploti, mtoto wa miaka minne akifungua mlango wa kawaida anaweza kukwaruza gari la jirani, na hapo utalipa rangi isiyokuwa kwenye bajeti.

Lakini kuwa makini. Si kila Sienta ina viti saba. Tangu Septemba 2018 Toyota iliuza pia Sienta ya safu mbili, viti vitano, iitwayo Funbase. Na Freed+ ni ya viti vitano, tofauti na Freed yenyewe ambayo huja na sita au saba. Kwenye picha za mtandaoni zinafanana kama mapacha. Muulize muuzaji akupigie picha ya ndani na buti likiwa wazi kabla hujapanda matatu kwenda kuliona.

Safu ya tatu nayo ina gharama yake. Ikiwa imefunguliwa, buti linabaki la mifuko michache ya shopping. Kwenye Sienta viti vya nyuma hukunjwa vikaingia chini ya safu ya pili, kwenye Freed hukunjwa vikaning'inia pembeni. Sisi tunaona ile ya Sienta inaacha nafasi safi zaidi, ila inakulazimu kusogeza safu ya pili kwanza, kazi ambayo si tamu ukiwa umebeba mtoto mkono mmoja.

Jambo la usalama kabla hatujaendelea: kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifyatuka, unampiga mtoto. Aketi safu ya pili, na uangalie kama gari lina vyuma vya ISOFIX vya kushikilia kiti chake. Nenda na kiti cha mtoto siku ya kuona gari, ukifunge hapo hapo yadi. Wakikucheka, wacha wacheke.

Usinunue gari la Desemba

Kosa moja tunalolisikia sana: familia inachagua gari kwa ajili ya safari mbili za ushago kwa mwaka. Wanachukua Serena au Noah ya 2000cc kwa sababu ya mizigo ya Krismasi, kisha siku zingine 350 baba anaiendesha peke yake kwenye foleni ya Thika Road.

Tufanye hesabu. Ile familia ya Ruiru inaenda mjini na kurudi, takriban kilomita 50 kwa siku, siku 22. Ongeza kanisa, shule na sokoni, tuseme jumla kilomita 1,500 kwa mwezi. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, hubadilika, kwa hivyo tuchukue shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 100, yaani 18,000. Linalokwenda kilomita 10 litakunywa lita 150, yaani 27,000. Tofauti ni 9,000 kwa mwezi, 108,000 kwa mwaka. Kwa pesa hiyo unaweza kukodi gari kubwa Desemba, ukajaza mafuta, na chenji ikabaki.

Zile takwimu za Japan za kilomita 20 na zaidi kwa lita usizitilie maanani sana. Hupimwa kwenye maabara, si kwenye foleni ya Githurai ukiwa umewasha AC na watu sita ndani. Muulize mtu anayeliendesha gari hilo hapa kwetu.

Chini ya gari, na ndani ya giaboksi

Magari haya yako chini. Sienta ina kama milimita 145 kati ya ardhi na tumbo la gari. Likiwa tupu unapita matuta vizuri. Likiwa na watu saba, springi zinashuka na unasikia chuma kikikwaruza. Ukiwa unakaa mahali ambapo barabara ya ploti ni ya mawe na mvua ikinyesha inageuka mfereji, jaribu gari likiwa limejaa watu. Fundi mzuri anaweza kuliinua kidogo kwa vipande vya juu ya springi, lakini ukiliinua sana utaanza kula matairi na vishikio vya magurudumu.

Giaboksi ndiyo sehemu inayomaliza pesa za watu. Fit isiyo ya haibridi, Note, Fielder, Sienta na Freed nyingi hutumia giaboksi ya CVT. Haina shida ikitunzwa, ila inataka oili yake maalum: Toyota ina yake, Nissan wana NS-3, Honda wana HCF-2. Fundi wa kando ya barabara akimimina oili ya giaboksi ya kawaida, gari litatembea miezi michache kisha lianze kunguruma na kukataa kupanda mlima. Mazda Demio ya kuanzia 2014 ni tofauti, ina giaboksi otomatiki ya gia sita, na watu wengi huipenda kwa sababu hiyo. Ila Demio ya dizeli tungeikwepa kwa familia ya mjini: ina kichujio cha moshi kinachohitaji safari ndefu ili kijisafishe, na safari ya kupeleka mtoto nasari haitoshi.

Angalia pia betri. Gari linalozima injini lenyewe kwenye foleni linahitaji betri ya aina yake, na bei yake si ya betri ya kawaida. Kwa haibridi, lipia upimaji wa betri kubwa kabla ya kununua. Elfu chache za fundi wa kupima ni pesa nzuri zaidi utakazotumia katika safari hii yote.

Kuagiza au kununua hapa?

Sheria inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Mwaka 2025, kwa mfano, lililoruhusiwa ni la 2018 kuja juu. Ndiyo maana kila Januari utasikia mbio za mawakala.

Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc na 25 ikizidi hapo. Kisha VAT asilimia 16, ada ya uagizaji 2.5 na ya reli 2. Kwa kuwa kodi moja inahesabiwa juu ya nyingine, gari la 1500cc hulipa karibu shilingi 92 kwa kila shilingi 100 za thamani ya forodha. Likizidi 1500cc, ni kama shilingi 100 kwa 100. Umeona sasa kwa nini injini za 1496cc zimejaa mitaani.

Na thamani hiyo ya forodha si bei uliyolipa Japan. KRA wana orodha yao ya bei za magari mapya, wanapunguza kulingana na umri, na hapo ndipo wanapigia hesabu. Ukipata bei ya kutupa kwenye mnada wa Japan, hongera, ila kodi haitashuka.

Faida ya kuagiza ni kwamba unaweza kuomba karatasi ya mnada inayoonyesha hali ya gari. Alama ya R au RA maana yake limewahi kuumia na kutengenezwa. Faida ya kununua hapa ni kwamba unaligusa, unaliendesha, na huchomwi na gharama za bandari ukichelewa. Kwa familia ambayo mtoto anazaliwa baada ya miezi miwili, sisi tungenunua hapa.

Mkopo: uliza swali moja

Tuseme una 400,000 na gari ni 1,200,000. Unakopa 800,000 kwa miaka mitatu, asilimia 12 kwa mwaka. Swali la kuuliza ni hili: riba inahesabiwa kwa salio linalopungua, au kwa pesa zote za mwanzo hadi mwisho?

Kwa salio linalopungua, kama Sacco nyingi zinavyofanya, utalipa takriban 26,600 kwa mwezi, na riba yote ni kama 157,000. Kwa ile nyingine, asilimia ni hiyo hiyo 12, lakini utalipa 30,200 kwa mwezi na riba inafika 288,000. Tangazo ni moja, tofauti ni zaidi ya 130,000.

Wale wanaokopesha kwa asilimia 3 kwa mwezi bila salio kupungua, wakishikilia hati ya gari, hesabu yao ni hii: 24,000 za riba kila mwezi, mara 36, ni 864,000. Riba imeupita mkopo. Ukichelewa mara mbili unaona wenye gari la kuvuta langoni.

Kumbuka pia kwamba malipo ya mkopo si gharama yote. Kwa ile familia yetu ni 26,600 za mkopo, 18,000 za mafuta, bima kamili tuseme asilimia 5 ya bei ya gari, yaani 60,000 kwa mwaka au 5,000 kwa mwezi, na tungetenga 5,000 nyingine za sevisi na matairi. Jumla 54,600. Kabla ya kununua, jaribuni kuishi miezi mitatu mkiweka pesa hizo kando kila mwezi kwenye akaunti ya akiba ya simu. Mkishindwa mwezi wa pili, bora mmejua mapema, na akiba bado ni yenu.

Sasa, malipo yenyewe

Hapa ndipo watu hulia. Utapeli wa kawaida huwa hivi: gari limewekwa mtandaoni, picha safi, bei iko chini ya soko kwa laki mbili. Ukipiga simu unaambiwa, "Mwenyewe anasafiri majuu Ijumaa. Kuna mtu mwingine anakuja saa hii, lakini ukituma elfu ishirini nitakushikia." Ukituma, simu inazimwa. Pesa zimeondoka kwa hiari yako, kwa PIN yako, na kuzirudisha ni vigumu, hasa zikishatolewa kwa wakala.

Kwa hivyo usitume hata shilingi ya kushikilia gari ambalo hujaligusa. Ukiwa umeliona na unataka kulipa kitu kidogo, lipa kwa nambari ya Till au Paybill ya biashara, si kwa namba ya mtu. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Yadi ina jina moja na skrini inaonyesha jina la kijana fulani? Simama hapo. Na ujumbe wa kuthibitisha malipo usiufute, upige picha ya skrini, kwa sababu ndio ushahidi wako.

Kabla ya malipo makubwa fanya ukaguzi wa aina mbili, na zote zinafanyika kwenye simu. Wa kwanza ni wa NTSA kupitia eCitizen: unaweka nambari ya usajili, unalipa ada, unapata rekodi ya gari ikiwa na jina la mmiliki na nambari za chesisi na injini. Linganisha nambari hizo na zilizopigwa kwenye chuma, na jina hilo na kitambulisho cha anayekuuzia. Ada za eCitizen hulipwa Paybill 222222. Mtu akikupa namba yake "akusaidie kulipia", kataa.

Ukaguzi wa pili wengi hawaujui. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili kwamba gari fulani ni dhamana ya mkopo. Sajili hiyo iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara na inaweza kupekuliwa na yeyote. Gari linaweza kuwa na hati safi kabisa mkononi mwa muuzaji na bado likadaiwa. Ukinunua bila kupekua, deni halijui kwamba wewe huna habari.

Pesa yenyewe itapitia wapi? Kwa simu kikomo ni 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo gari la 1,200,000 halilipiki kwa simu kwa mkupuo. PesaLink ya benki inaishia 999,999 kwa muamala. Hundi haziruhusiwi kupita milioni moja. Kwa kiasi hiki njia ya kawaida ni RTGS kutoka benki yako kwenda akaunti ya mtu ambaye jina lake liko kwenye rekodi ya NTSA. Si ya shemeji yake, si ya dalali. Kugawanya pesa kwenye simu kwa siku tatu kwa sababu muuzaji "hataki mambo ya benki" ni dalili mbaya, jiulize anakimbia nini.

Pangeni kukutana mchana, kwa wakili au benki, mkiwa na makubaliano ya mauzo yenye sahihi, nakala za vitambulisho na nambari za KRA PIN za pande zote mbili. Muuzaji anaingia kwenye akaunti yake ya eCitizen na kuanzisha uhamisho wa umiliki, wewe unaupokea kwenye yako na kulipia. Usikubali kuambiwa, "Endesha tu, hati tutabadilisha wiki ijayo." Wiki ijayo simu haishikiki, na gari unaloliendesha kisheria ni la mtu mwingine, pamoja na makosa yake yote ya barabarani.

Bima ilipiwe siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka, kwa Paybill ya kampuni ya bima yenyewe, na cheti cha kidijitali kifike kwenye simu yako kikiwa na nambari sahihi ya usajili. Kama mnanunua pamoja kama mume na mke, ulizeni pia kuhusu kuweka majina mawili kwenye hati ya umiliki. Ni rahisi zaidi kufanya hivyo wakati wa uhamisho kuliko kurudi baadaye kuanza upya na ada nyingine.